Ndiyo ya Tata Mukendi

Carine na Héritier, siku niliyowakabidhi ufunguo wa chumba chetu cha ortofoni mliniuliza ni mgonjwa gani aliyenifundisha kazi kuliko wote. Nilisema nitaandika. Mlitazamana kama watu wasioniamini, na sikuwalaumu, kwa sababu kutoamini ni sehemu kubwa ya kazi hii. Wagonjwa hawatuamini, jamaa zao hawatuamini, na sisi, tukizoea, tunaanza kutomwamini mtu yeyote anayeshika kijiko. Ninaandika kwa Kiswahili cha shule, lakini watu nitawaacha waseme wanavyosema kwetu.

Nilifika Kolwezi kwa treni kutoka Mutshatsha, muuguzi mpya mwenye sanduku moja. Nilitegemea kupelekwa wodi ya uzazi. Badala yake nilipelekwa kwenye stoo ya magongo, ambako mzee mmoja, Tata Nsenga, alikuwa amesogeza magongo upande mmoja na kuweka meza na viti vitatu. Alikuwa kine, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, wa siku nyingi, amekwenda kusomea ortofoni, kazi ya kuwasaidia watu walioshindwa kusema au kumeza, na amerudi na bango dogo la “Orthophonie” alilolipigilia mlangoni. Mgonjwa wa kwanza niliyemwona asubuhi ile alikuwa mwanaume mmoja aliyetoa simu mfukoni.

“Mama, hii haisikike muzuri,” alisema. “Kumulango baliandika mambo ya fonie.”

Tata Nsenga aliitazama simu, akairudisha kwa heshima, akamwelekeza kwa mafundi wa barabarani. Kisha akanigeukia. “Huyu njo wa kwanza leo kuingia bila woga,” alisema. “Bengine banazani tunakata ndimi.”

Hakutania. Katika mitaa mingi watu waliamini kwamba mtoto anayechelewa kusema anapaswa kukatwa kamba iliyo chini ya ulimi, na kwamba sisi ndio wakataji. Akina mama walikaa karibu na mlango, mtoto mapajani, mguu mmoja tayari kwa kuondoka. Vifaa vyetu navyo havikuwapa imani. Tulikuwa na kijiko cha chai, glasi, tochi, kioo kidogo, picha alizochora Tata Nsenga mwenyewe kwenye vipande vya katoni, na kifaa cha kusikilizia kifua. Hapakuwa na sindano wala dawa. Mwanamke mmoja aliniuliza kama daktari wa kweli amesafiri.

Tata Nsenga alinifundisha kwa kunifanyia majaribio mimi mwenyewe. Aliniweka nimeketi wima, akaniwekea vidole viwili kooni, akanipa kijiko cha maji, akasubiri koo lipande na kushuka. Kisha akaniambia niseme “aaa.” Sauti ikiwa kavu, maji yamekwenda tumboni. Ikiwa na mlio wa majimaji, kama mtu anayesukutua, kuna kitu kimebaki mahali pabaya, na huenda kinashuka mapafuni. “Anayekohoa, umuogope kidogo,” alisema. “Asiyekohoa, umuogope sana. Koo yake imesahau kulia.” Mpaka leo nikila na watu nasikiliza sauti zao baada ya kunywa. Watoto wangu hawapendi.

Katika miaka yangu ya mwanzo waliniletea mchimbaji wa madini kutoka mtaa wa Kasulo, kijana wa miaka ishirini na kidogo. Shimo walilochimba chini ya nyumba lilimporomokea kichwani. Alipona majeraha, lakini maneno yalipotea. Nikimwonyesha kijiko alisema “nyundo.” Nikimwonyesha kiatu, “nyundo.” Wenzake watatu walikuja naye kila mara, na nilifurahi kuona wanavyompenda, mpaka siku mmoja wao aliponivuta pembeni.

“Mama, anajifanya,” alininong'oneza. “Anajua mushipa ya mawe inapita wapi. Hataki kutuonesha.”

Nilimweleza kwa muda mrefu jinsi ubongo unavyoumia. Aliitikia kwa kichwa, kwa adabu. Baada ya wiki nane kijana alikuwa akisema “kijiko” bila kusaidiwa, na wenzake wakaacha kuja. Kwao ilikuwa wazi kwamba alikuwa akijua kusema tangu mwanzo. Alirudi kwao na maneno kama thelathini. Sikujua la kufanya, nikaandika tu kwenye faili kwamba ameendelea vizuri.

Miaka ilipita, Tata Nsenga akastaafu, chumba kikawa changu. Wakati huo ndipo nilipoitwa mtaa wa Dilala, kwenye moja ya nyumba za zamani za kampuni ya migodi, kumwona Tata Mukendi.

Alikuwa amestaafu ufundi wa umeme. Baba yake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi mgodini, na yeye alizaliwa katika mtaa uleule. Kiharusi kilimpoozesha mkono na mguu wa kulia na kumwachia neno moja, “ndiyo.” Alilisema kwa furaha, kwa hasira na kwa machozi. Nyumbani niliwakuta watu watatu: mtoto wake mkubwa Dieudonné, aliyekuwa mwajiriwa migodini na ndiye aliyeniita; shangazi yake, Tantini Mbombo, dada wa Tata Mukendi, mwanamke wa kanisa mwenye sauti ya kuamrisha; na mke wa pili wa mzee, Régine, mdogo kwake kwa miaka mingi, muuza makaa sokoni. Mama wa Dieudonné alikuwa amefariki zamani.

Régine alinisalimu na kuniuliza natoka wapi. Nilipotaja Mutshatsha uso wake ukafunguka. “Hata mi ni wa kule!”

Tantini Mbombo alisikia. “Aa,” alisema. “Basi muko babili.”

Familia ile ilikuwa na sababu zake. Waliokuwa Kolwezi wakati watu wa upande wetu, wenyeji, walipowafukuza Wakasai majumbani mwao na kuwajaza stesheni wanajua kwa nini mzee wa Kasai anamtazama mara mbili mtu wa upande wetu anayeingia na begi. Nililijua hilo. Na kwa kuwa nililijua, niliapa moyoni kwamba hakuna atakayesema nimempendelea Régine. Mtaona kiapo hicho kilinifikisha wapi.

Dieudonné alinieleza shida. Kila Régine alipomlisha baba yake, mzee alikohoa mpaka macho yakatoka. Amekonda, homa inakuja na kwenda. Tantini Mbombo alikuwa na maelezo mafupi zaidi.

“Mukono ya huyu bibi iko na sumu.”

“Akilishwa na mtu mwengine, hakohoi?” niliuliza.

“Nani atamulisha? Ni yeye njo bibi yake.”

Nilimketisha mzee wima na kumpa kijiko cha bukari, ugali wetu, laini, na mchuzi mzito. Akameza, sauti ikatoka kavu. Nilimpa kijiko cha maji. Alikohoa vilevile kama walivyoeleza, na “ndiyo” yake ikatoka imejaa majimaji. Nikarudia na chai, ikawa hivyohivyo. Niliwaonyesha wote watatu kwamba chakula kizito kinakwenda polepole na koo lake linawahi kujifunga, lakini maji yanakimbia na kuingia njia ya hewa. Mkono wa Régine haukuwa na kosa. Alikuwa akimpa mgonjwa chai kwa upendo, na chai ndiyo iliyokuwa ikimmaliza.

Niliagiza kila kinywaji kiongezwe uzito kwa wanga wa muhogo uliopikwa, kijiko kiwe kidogo, kidevu kishuke wakati wa kumeza, kinywa kisafishwe baada ya chakula. Nilipochanganya wanga kwenye chai, Tantini Mbombo alilinusa bakuli.

“Hii ni unga gani?”

“Ya muhogo, Tantini.”

“Kula wewe kwanza.”

Nilikula vijiko vitatu. Alinitazama koo, kisha mikono, kisha akangoja. Mimi nami nilingoja, nikaona aibu kujigundua nikijisikiliza tumbo.

Niliacha kaye nyumbani, daftari ambalo sisi na familia tunaandika mgonjwa amekula nini, amekohoa mara ngapi, ana joto gani. Niliwaambia pia kuhusu “ndiyo” ile: ni neno lililobaki, haina maana ya kukubali. Dieudonné aliitikia. Tantini Mbombo alisema, “Ndugu yangu anasikia na anajibu,” nami, nikiwa na wagonjwa wengine wanaoningoja, sikubishana. Hilo ni kosa langu la kwanza katika habari hii.

Wiki tatu mambo yalikuwa mazuri. Tata Mukendi aliongezeka mwili. Nikimwekea picha mbele na kumwambia anionyeshe kikombe, au chanuo, au taa, mkono wake wa kushoto ulikwenda sawasawa, hata nilipozibadilisha mahali. Alikuwa anaelewa. Njia ya kutoka ndiyo ilikuwa imezibwa.

Kisha homa ikarudi. Nilisikiliza kifua chake, upande wa kulia chini, nikasikia mlio ule mdogo unaotisha. Mtu alikuwa akimpa maji. Kaye ilisema chakula kizito kila siku, kwa mwandiko wa Régine, mzuri, wa mtu aliyemaliza shule. Uzuri wake ukanitia shaka. Niliinama kuokota tochi yangu, nikaona chini ya kitanda kikombe cha plastiki chenye maji nusu.

Régine alikuwa nje akipuliza makaa. Nilikuwa na hatua kumi tu za kwenda kumuuliza. Lakini niliona uso wake ule wa siku ya kwanza, alivyofurahi kusikia Mutshatsha, nikajiambia kwamba alidhani amepata mtu wa kumfunika. Nilikaa pale pale nikaandika kwenye kaye: “Kikombe cha maji chini ya kitanda. Mke?” Nikaifunga, nikampeleka mzee apigwe picha ya kifua na kuanzishiwa dawa, nikarudi kazini nikijiona mtu mwenye haki.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Dieudonné alituma mwendesha pikipiki kunichukua. Sebuleni nilikuta jamaa kumi na zaidi kwenye viti vya plastiki. Tata Mukendi alikuwa katikati, amevalishwa suti iliyomzidi. Régine alisimama karibu na mlango wa jikoni, na miguuni pake palikuwa na begi lililofungwa. Hakuna aliyenipa kiti.

Dieudonné aliinua kaye, akaisoma kwa sauti mstari wangu. “Ni wewe uliandika?”

“Ni mimi.”

Régine alinitazama. Sikuweza kumtazama.

“Basi tusikie mwenyewe,” alisema Tantini Mbombo. Alimwinamia kaka yake na kumshika bega. “Mukendi. Mbele ya Mungu. Régine anakutilia sumu?”

“Ndiyo,” alisema Tata Mukendi.

Chumba kizima kililipuka. Mtu alisema aondoke sasa hivi. Mwingine akasema asiondoke, aitwe polisi. Vijana wawili wa ukoo walishasimama na kumwendea. Régine hakulia. Aliweka mgongo ukutani. Nilifahamu kwamba zikipita dakika tano hivi, patatokea jambo ambalo hakuna mtu angeweza kulirudisha nyuma, na kwamba lilianzia kwenye alama yangu ya kuuliza.

“Ngojeni!” Nilipiga kelele ambayo sikujua ninayo. “Mi nimemaliza kuuliza? Muliniita kama shahidi. Muniache niulize.”

Vijana wale wawili waligeuka kunitazama, zaidi kwa mshangao. Nilipiga magoti mbele ya mzee, nikamuuliza kwa “ninyi” ya heshima.

“Tata, jina yenu ni Mbombo?”

“Ndiyo.”

“Tuko Lubumbashi?”

“Ndiyo.”

“Mi njo bibi yenu?”

“Ndiyo,” alisema, na mtu nyuma akacheka kidogo, kisha akajizuia.

Nilivuta pumzi. “Tata, Tantini Mbombo anawatilia sumu?”

“Ndiyo.”

Tantini Mbombo alirudi nyuma kana kwamba amepigwa. Nikauliza upesi kabla mawazo ya watu hayajapata pa kwenda: “Na Dieudonné? Na miye? Sisi bote tunawatilia sumu?”

“Ndiyo, ndiyo,” alisema Tata Mukendi, na machozi yakaanza kumtoka, kwa sababu alikuwa anaelewa kila swali, na mdomo ulikuwa ukimpeleka asikotaka.

“Njo neno moja iko nayo,” niliwaambia. “Moja tu. Munamuweka shahidi na neno moja?”

“Basi haelewi kitu,” alisema Dieudonné, na sauti yake ikakatika. “Baba amekwisha.”

“Anaelewa bitu byote. Muone.”

Nilitoa picha zangu kwenye begi, nikazipanga kwenye meza ndogo. Nilimwomba kikombe, akaonyesha kikombe. Taa, akaonyesha taa, na kidole hicho cha fundi wa umeme kikakaa hapo kidogo. Nikazichanganya, akapata tena. Nikazikusanya. Nilisema, “Tata, tuonesheni Dieudonné,” na mkono wa kushoto ukamwelekea mwanawe. “Régine.” Ukaelekea mlango wa jikoni, ukabaki huko.

Sasa nitawaambia ukweli ambao sikumwambia mtu yeyote siku ile. Swali lililofuata sikuliuliza nikiwa na hakika ya kumwokoa Régine. Bado niliamini ni yeye. Nilitaka tu kosa lake liwe la maji, si la sumu.

“Tata, nani anawapatia mayi?”

Mkono ukashuka kwenye paja. Akafikiri. Kisha akauinua, akamwelekezea dada yake, na akatabasamu kwa upande mmoja wa uso, tabasamu la mtu anayemshukuru mwingine.

Tantini Mbombo alikaa chini palepale sakafuni, na nguo yake ya kanisa.

“Anakufa na kiu,” alisema. Sauti ya kuamrisha ilikuwa imekwisha. “Asubui, Régine akienda ku soko, ananionesha kinywa. Ndugu yangu, kiu ndani ya nyumba yake! Banamulisha gundi. Nilisema, hii njo namna banataka kumuua. Nilimupatia mayi. Kila siku nilimupatia. Nilizani namuokoa.”

Waliokuwa wamesimama waliketi mmoja mmoja. Dieudonné alikwenda akalichukua begi miguuni pa Régine, akalirudisha chumbani mwenyewe.

Tantini Mbombo hakuwa amekosea yote, na hili ndilo mlishike, Carine na Héritier. Nilikuwa nimefundisha nyumba nzima jinsi ya kumeza, na sikumuuliza mgonjwa kama ana kiu. Maji mazito yanaingia mwilini lakini kinywa hakishibi. Tuliandika mpango mpya: kinywa kisuguliwe kwanza kiwe safi, kisha mbali na chakula apewe maji ya kawaida, kijiko kimojakimoja, ameketi wima, kidevu chini, na mtu akisikiliza sauti baada ya kila kijiko. Kazi hiyo nilimpa Tantini Mbombo. Alikuwa mkali kuliko mimi. Alimfukuza hata mchungaji aliyejaribu kuzungumza na mzee akiwa anameza.

Homa haikurudi. Nilikwenda Dilala kila wiki kwa miezi mingi, na Tata Mukendi akapata maneno. Lilikuja “apana” kwanza, na siku ya kwanza alilitumia kwa kila kitu, akikataa viatu, uji, redio na mimi, kwa raha kubwa. Baadaye yakaja majina. Alipomwita Régine kwa jina, majirani waliitwa waje kusikia.

Régine alinifungulia mlango miezi yote hiyo. Alinipa kiti, alinipa chai. Zaidi ya salamu hakuniambia neno.

Siku ya kufunga faili nilimkuta peke yake barazani, akichambua maharage. Nilimwambia nimekuja kuaga, na kwamba kuna jambo nilipaswa kumwambia zamani. Aliingia ndani, akatoka na kaye, akaifungua palepale, bila kutafuta ukurasa.

“Unisomee,” alisema.

“Régine, unajua kusoma kunipita mimi.”

“Najua. Soma wewe.”

Nilisoma. Kikombe cha maji chini ya kitanda. Mke, na alama ya kuuliza. Mwandiko wangu mwenyewe ulinichoma. Nikatoa kalamu nifute mstari, akaweka kiganja chake juu ya karatasi.

“Usifute, mama. Hapa uliweka swali.” Aligusa ile alama. “Swali banaulizaka mutu. Uliuliza nani?”

“Sikuuliza mtu.”

“Mi nilikuwa palepale inje. Napuliza makala.”

“Nilikuona.”

Aliyasukuma maharage pembeni, akafuta mikono kwenye kitenge chake, akaketi wima kama mgonjwa anayengoja kupimwa.

“Basi uniulize sasa.”

Nikamuuliza kama ni yeye aliyempa mumewe maji.

“Apana,” alisema Régine, na akangoja mpaka nimeliandika kwenye kaye, chini ya swali langu.